Matunda ya Tanga katika Jua Kali na Mvua Zisizotabirika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Shamba, Uchumaji na Uhifadhi

Maswali haya hurudiwa mara nyingi na wakulima wa matunda wa Muheza, Mkinga, Pangani, Korogwe na Lushoto, pamoja na wanunuzi wanaopakia machungwa kuelekea Dar es Salaam au kuyavusha Horohoro kwenda Kenya. Msimamo unaopita katika majibu yote ni kwamba muda ambao tunda litadumu sokoni huamuliwa zaidi shambani kuliko ghalani: tunda lililoteseka kwa kiu, lililotobolewa na inzi au lililoangushwa chini haliponywi na chombo chochote cha kuhifadhia. Kwa sababu hiyo tumeanza na mti, na ghala likafuata baadaye.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini siku hizi michungwa inachanua bila kufuata majira?

Katika nchi za joto mchungwa hausubiri baridi ili uchanue, bali huamshwa na ukavu. Mti ukikaa wiki kadhaa bila maji ya kutosha huacha kutoa majani mapya, na mvua nzuri ya kwanza inapofika, maua hutoka baada ya wiki chache. Mpango huo uliendana vizuri na masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na ndio uliowapa watu wa Muheza msimu mkubwa wa machungwa katikati ya mwaka na mwingine mdogo mwishoni mwa mwaka.

Mvua zinapokatika katikati ya masika kisha zikarudi, mti huchanua tena, na matokeo yake ni mti mmoja kubeba maua, matunda machanga na matunda yaliyokomaa kwa wakati mmoja. Mvua zinapopitiliza, kama zile za vuli ya mwaka 2023 zilizoambatana na El Niño, mti hukosa ukavu unaouamsha na huelekeza nguvu zake kwenye majani. Hali hizo mbili si ugonjwa, wala hakuna dawa ya kupulizia itakayoziondoa. Zinachodai ni kubadili utaratibu wa kazi: kuchuma kwa kuchagua badala ya kuvua mti mzima kwa siku moja, na kuwa macho zaidi dhidi ya inzi wa matunda, ambao sasa hupata chakula karibu mwaka mzima (tazama swali la 8).

2. Je, tunda lililochumwa bado lina uhai, na ni yapi yanayoendelea kuiva?

Tunda lililochumwa huendelea kupumua, kupoteza maji na kutumia sukari iliyomo ndani yake, ila halipati tena chochote kutoka kwa mti. Kasi ya kupumua huongezeka mara mbili hadi tatu kwa kila ongezeko la nyuzi 10 za Selsiasi. Hii ndiyo sababu saa chache za kuacha matunda juani hula siku kadhaa za maisha yake sokoni.

Maembe, ndizi, mapapai, maparachichi na mafenesi huendelea kuiva baada ya kuchumwa, mradi yawe yamekomaa. Machungwa, machenza, malimau, ndimu, mabalungi na mananasi hayaongezi utamu hata kidogo baada ya kutoka mtini. Chungwa chungu la leo litakuwa chungwa chungu lililosinyaa wiki ijayo. Tofauti hii ielewekwe kabla ya kusoma majibu mengine, kwa kuwa hasara nyingi zinatokana na kulitendea chungwa kama embe.

3. Kwa nini machungwa yetu hubaki ya kijani hata yakiiva, na wanunuzi wa mbali wanayakataa?

Rangi ya kijani ya ganda huondoka usiku unapokuwa wa baridi kiasi cha kushuka karibu na nyuzi 13, jambo ambalo halitokei katika tambarare za Muheza na Pangani. Chungwa linaweza kuwa limejaa maji na sukari huku ganda lake likiwa la kijani kabisa, na aina ya Valencia ikiachwa mtini muda mrefu inaweza hata kurudi ukijani baada ya kuwa ya manjano. Kwa hiyo rangi si kipimo cha kuiva huku pwani. Kipimo cha haki ni kuonja machungwa machache kutoka pande mbalimbali za mti, kuangalia wingi wa maji yake na kupima uzito mkononi. Mnunuzi mgeni aonjeshwe kabla ya kujadili bei. Maneno peke yake hayamtoshi.

## Kuusaidia mti ustahimili

4. Sina umwagiliaji. Nifanye nini ili michungwa ivuke kiangazi cha kaskazi?

Mchungwa huhitaji takriban milimita 900 hadi 1,200 za maji kwa mwaka. Sehemu kubwa ya ukanda wetu wa pwani hupata mvua inayokaribia au kuzidi kiasi hicho, kwa hiyo shida kubwa ni kwamba maji mengi hushuka kwa siku chache na kutiririka, kisha jua la kaskazi kati ya Desemba na Machi hukausha yaliyobaki. Kazi ya mkulima asiye na pampu ni kuyashika maji ya mvua mahali yalipoangukia.

Hatua ya kwanza ni kuchimba kisahani kipana kuzunguka mti, kinachofika pale ambapo kivuli cha matawi huishia wakati wa adhuhuri, kwa sababu mizizi inayonyonya maji ipo zaidi huko kuliko kwenye shina. Katika mteremko, kisahani kiwe cha nusu mwezi, mdomo wake ukielekea juu, na makinga maji yafuate mikondo ya ardhi. Hatua ya pili, ambayo ningeichagua kama ningeruhusiwa moja tu, ni matandazo. Majani makavu, mabua ya mahindi, nyasi zisizo na mbegu au maganda ya nazi yakitandazwa kwa unene wa sentimita 10 hupunguza joto la udongo, huzuia magugu na hufanya mvua nyepesi za mchoo ziingie ardhini badala ya kupotea hewani. Matandazo yasigusane na shina. Acha nafasi ya shubiri moja au zaidi, kwa kuwa unyevu wa kudumu kwenye gome huleta kuoza kwa shina na kutoka gundi.

Miche iliyo chini ya miaka miwili haiwezi kutegemea matandazo pekee. Ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki, ikimwagwa polepole wakati wa jioni, huiokoa miche mingi. Chupa kubwa ya plastiki iliyotobolewa tundu dogo na kufukiwa nusu karibu na mche hufanya kazi hiyo kwa maji machache zaidi. Usikatue udongo wala kupogoa matawi mengi katikati ya kiangazi, kwani mambo yote mawili huuacha mti wazi kwa jua wakati ambao hauna maji ya kujitibu.

5. Matunda machanga yanapukutika kwa wingi. Je, ni ukame au ugonjwa?

Kupukutika kwa kiasi ni tabia ya mchungwa. Katika kila maua 100, hata mawili hayafiki kuwa machungwa yaliyokomaa, na mti hujipunguzia mzigo wenyewe. La kuchunguza ni wakati na sura ya mapooza. Yakianguka yakiwa madogo kama njegere muda mfupi baada ya maua, hasa katika wiki ya joto kali, chanzo huwa ni joto na kiu, na tiba yake imo katika swali la 4. Yakianguka yakiwa makubwa, laini upande mmoja na yenye tundu dogo, huyo ni inzi wa matunda. Yakianguka yakiwa yamepinda, yakiwa madogo kuliko kawaida na kubaki ya kijani upande wa kitako, soma swali la 9 haraka.

6. Machungwa yalikuwa mazuri, mvua ikanyesha, yakapasuka yakiwa mtini. Kwa nini?

Wakati wa ukame ganda hukoma kukua na kuwa gumu. Mvua kubwa inapofika ghafla, nyama ya ndani hunyonya maji na kutanuka kwa kasi ambayo ganda haliwezi kuifuata, basi hupasuka. Matandazo na maji kidogo ya mara kwa mara husaidia kwa sababu huzuia udongo kutoka kwenye ukavu kabisa hadi kulowa kabisa. Yaliyokwisha kupasuka yaondolewe shambani siku hiyohiyo, kwa kuwa huwaita inzi na ukungu.

7. Jua linaunguza matunda na magome. Je, kupaka chokaa kunafaa?

Kunafaa. Chokaa iliyochanganywa na maji hadi kuwa nyepesi, ikapakwa kwenye shina na matawi makubwa yaliyo wazi, hurudisha sehemu ya mwanga na kuzuia gome kupasuka. Ni muhimu zaidi kwa miti michanga na kwa miti mikubwa iliyopogolewa sana. Kwa matunda yenyewe kinga bora ni majani, kwa hiyo usiondoe majani yanayofunika matunda ya upande wa magharibi, ambako jua la alasiri hupiga kwa ukali. Shamba linalopigwa na upepo linufaike na mstari wa mivinje upande upepo unakotokea; upepo mkavu hunyonya maji ya majani sawasawa na jua, na matawi yanayogongana huacha makovu kwenye maganda.

8. Inzi wa matunda wamezidi. Nianzie wapi?

Anza ardhini. Inzi anayesumbua zaidi maembe ya ukanda huu, Bactrocera dorsalis, alitambuliwa Afrika Mashariki mwaka 2003 akiwa ametokea Asia, na ameenea kwa sababu huzaa haraka katika joto na hula matunda ya namna nyingi. Jike hutaga mayai chini ya ganda, funza hula ndani, tunda huanguka, na funza hutoka kuingia ardhini ambako hugeuka kuwa inzi. Mkulima anayeacha matunda yaliyoanguka chini ya mti anafuga inzi wa msimu ujao.

Okota matunda yote yaliyoanguka angalau mara mbili kwa wiki. Yafukie katika shimo ambalo litabakiza nusu mita ya udongo juu yake, au yatie katika mfuko mweusi wa plastiki uliofungwa na kuachwa juani kwa muda wa wiki moja au zaidi. Mitego yenye kivutio cha methili yujenoli hunasa madume na huonyesha lini inzi wanaongezeka, lakini peke yake hailindi shamba, kwa kuwa majike waliokwisha kupandwa huendelea kutaga. Kazi hii ifanywe na majirani kwa pamoja, maana inzi hawajui mpaka wa shamba.

Jambo jingine ambalo wazee wa pwani wanalifahamu na vijana wengi wanalidharau ni faida ya maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani ya miembe na michungwa kuwa viota. Chungu hawa huwinda wadudu, na harufu wanayoiacha juu ya matunda huwafukuza inzi wanaotaka kutaga. Kuchuma katika mti wenye maji moto kunauma, bila shaka, ila wachumaji hujipaka majivu mikononi na huanza kazi wakati chungu hawajachangamka. Kuwaua wote kwa dawa ni kujinyima mlinzi asiyelipwa. Wakishindwa kustawi, tafuta chungu wadogo wa kahawia wenye vichwa vikubwa chini ya mti, kwani hao ni maadui zao na huwafukuza.

9. Je, ugonjwa wa kijani wa michungwa unahusiana na mabadiliko ya hali ya hewa?

Unahusiana kwa njia ya wadudu wanaoueneza. Ugonjwa huu husababishwa na bakteria wanaoishi katika mishipa ya mti. Majani huwa na mabaka ya manjano yasiyolingana pande mbili za mshipa wa kati, matunda hupinda na kuwa machungu, na mti hufa polepole. Hakuna dawa inayouponya. Mdudu wa Kiafrika anayeueneza hupenda baridi ya milimani, hivyo kwa miaka mingi joto la tambarare lilikuwa kinga. Mdudu wa Kiasia, ambaye amekwisha kuripotiwa nchini, huvumilia joto, na kinga hiyo haitoshi tena.

Nunua miche katika vitalu vinavyokaguliwa, usihamishe vikonyo vya kubebeshea kutoka mti usioujua historia yake, na mti uliothibitika kuugua ung'olewe hata kama bado unazaa. Uamuzi huo ni mgumu kwa mwenye miti michache, nasi tunaufahamu uchungu wake, lakini mti huo mmoja huwa chemchemi ya ugonjwa kwa shamba zima.

10. Nichague miche gani kwa ajili ya miaka ijayo?

Angalia sehemu mbili za mche: tawi lililobebeshwa, ambalo ndilo linaloamua aina ya tunda, na shina la chini, ambalo ndilo linaloamua ustahimilivu. Shina la mlimau mkali hupeleka mizizi mbali na huvumilia ukame, na ndiyo sababu linapendwa sana. Udhaifu wake ni kuoza pale maji yanapotuama. Shina la chenza aina ya Cleopatra huvumilia chumvi vizuri zaidi. Kabla ya kununua, peleka udongo ukapimwe. Kituo cha Mlingano cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kilichopo Muheza, kina historia ndefu ya utafiti wa udongo.

Panda aina zaidi ya moja zinazokomaa kwa nyakati tofauti, ili mvua moja mbaya isichukue mazao ya mwaka mzima, na aina ngeni ijaribiwe kwa miti michache kwanza. Kujaribu miche ya mbali si jambo jipya hapa. Amani, juu ya Muheza, kulianzishwa taasisi ya utafiti wa mimea mwaka 1902 kwa kazi ya namna hiyo.

## Kuchuma

11. Ni saa gani nzuri ya kuchuma?

Kwa maembe, mapapai na ndizi, alfajiri na asubuhi ndiyo saa bora, kwa sababu tunda bado lina ubaridi wa usiku. Kwa machungwa na ndimu jibu ni tofauti, na wengi hushangaa kulisikia: subiri umande ukauke. Chungwa lililolowa lina ganda lililojaa maji hadi vifuko vyake vya mafuta hupasuka kwa kushikwa tu, na mafuta hayo huunguza ganda na kuacha mabaka ya kahawia yanayojitokeza siku chache baadaye, mara nyingi likiwa limeshafika kwa mnunuzi. Baada ya mvua kubwa ahirisha uchumaji kwa siku moja ikiwezekana. Saa tatu au nne asubuhi hadi kabla ya jua la mchana ni wakati unaofaa, na kila kinachochumwa kiingie kivulini papo hapo.

12. Kupopoa na kutikisa matawi kunaharakisha kazi. Kuna ubaya gani?

Ubaya hauonekani siku hiyo. Chungwa lililoanguka kutoka juu halina alama nje, lakini vifuko vya ndani vimepasuka na ganda lina nyufa ndogo ambazo ukungu wa kijani huzitumia kuingia. Ukungu huo hauwezi kupenya ganda zima; unahitaji jeraha. Kwa hiyo kila jeraha linaloepukwa ni chungwa lililookolewa.

Tumia ngazi na mfuko wa bega, au kigoe chenye wavu chini yake ili tunda lisidondoke. Kata kikonyo kwa mkasi karibu na tunda bila kuligusa. Kikonyo kirefu hutoboa tunda la jirani, na kuvuta kwa mkono hung'oa kipande cha ganda. Wachumaji wakate kucha. Kama wachumaji wanalipwa kwa idadi, lipa kwa matunda mazima tu, la sivyo maneno yote haya yatabaki karatasini.

13. Nitajuaje kama embe limekomaa, na nifanyeje kuhusu utomvu?

Embe lililokomaa hujaza mabega: sehemu iliyo karibu na kikonyo huinuka na kuwa pana, na ukilikata nyama huwa imeanza kuwa ya manjano karibu na kokwa. Embe lililochumwa kabla ya hapo husinyaa badala ya kuiva, hata likivundikwa kwa ustadi.

Utomvu unaoruka mara kikonyo kinapokatwa huunguza ganda na kuacha michirizi meusi. Kata kikonyo kirefu, kiasi cha kidole, kisha peleka maembe kivulini, punguza kikonyo na yainamishe kichwa chini juu ya chanja au majani makavu mpaka utomvu uishe. Osha kwa maji safi yale yaliyochafuka. Usiyaweke kwenye udongo mtupu.

## Kuhifadhi na kusafirisha

14. Machungwa yanaweza kukaa muda gani, na ghala bora ni lipi?

Ghala bora la chungwa ni mti wenyewe. Tofauti na embe, chungwa lililoiva linaweza kubaki mtini wiki kadhaa bila kuharibika, alimradi inzi wamedhibitiwa na mti haumo katika kiu kali. Mkulima asiye na mnunuzi wa uhakika asichume.

Yakishachumwa, katika hewa ya kawaida ya pwani tarajia wiki moja hadi mbili kwa machungwa yasiyo na majeraha. Yatandaze juu ya chanja ndani ya chumba chenye kivuli na hewa inayopita, si juu ya sakafu ya saruji iliyolowa. Chagua na kuondoa yaliyooza kila siku, kwa mkono mwepesi, kwa sababu vumbi la kijani ni mbegu za ukungu zinazorukia mengine. Ukiyaosha, maji yawe safi na yenye dawa kidogo ya klorini, na machungwa yakauke kabisa kabla ya kupangwa. Mfuko wa plastiki usiotobolewa hutoa jasho na huharakisha kuoza.

15. Je, chumba cha kupoozea cha matofali na mchanga uliolowa kinafanya kazi Tanga?

Kinafanya kazi kwa kiwango kinachotegemea ukavu wa hewa. Chumba hiki, ambacho kilibuniwa India, kina kuta mbili za matofali na mchanga katikati. Maji yanayomwagiwa mchanga huondoka kama mvuke na kuchukua joto. Katika hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 70, ambayo ni ya kawaida Pangani na Tanga mjini, maji hayawezi kupooza chini ya nyuzi 27 hivi. Katika hewa ya joto hilohilo yenye unyevu wa asilimia 40, kama inavyoweza kuwa mchana wa kiangazi kule Handeni, mpaka wa kupooza hushuka hadi karibu nyuzi 22. Tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa.

Kwa mtu wa pwani, faida kubwa ya chumba hiki ni kuzuia matunda kusinyaa, na ubaridi ni wa nyongeza tu. Kwa gharama ileile, huku pwani tungependelea banda la makuti lenye paa refu, kuta wazi pande mbili zinazoruhusu upepo wa bahari, na chanja za kupangia matunda. Makuti hayashiki joto kama bati, nayo yapo.

16. Magunia, tenga au kreti?

Kreti za plastiki ni bora kuliko vyote, kwa sababu uzito hubebwa na kreti na si na tunda la chini, na hewa hupita. Tenga linafaa likitandikwa majani makavu ya migomba. Gunia ni chombo kibaya kwa matunda, na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, mbali ya kukatazwa na sheria ya vipimo, huponda matunda ya mkulima mwenyewe anayepunjwa nayo. Wanaopakia machungwa bila chombo ndani ya lori wapunguze kina cha lundo, watandike nyasi kavu chini na pembeni, wasiruhusu mtu kukanyaga juu ya mzigo, na wasafiri usiku. Turubai liinuliwe kwa miti ili pabaki nafasi ya hewa. Turubai lililolala juu ya matunda hupika mzigo.

17. Maembe yanaonekana safi siku ya kuchumwa, kisha hutokwa madoa meusi. Je, yanapata ugonjwa ghalani?

Ugonjwa ulishaingia miezi mingi kabla. Ukungu unaoleta madoa hayo huingia wakati wa maua na matunda machanga, hasa mvua za mchoo zinapoangukia miembe iliyochanua, kisha hulala chini ya ganda mpaka tunda linapoanza kuiva. Kupogoa kwa ajili ya hewa na kuondoa matawi makavu ndiyo kinga ya kwanza.

Baada ya kuchuma, kuyazamisha maembe katika maji ya nyuzi 52 kwa dakika 5, kisha kuyapooza na kuyakausha, hupunguza madoa kwa kiasi kikubwa. Kipimajoto ni lazima. Kukisia kwa kidole huishia ama kwenye maji yasiyofanya kitu au kwenye maembe yaliyopikika. Njia hii haiui funza wa inzi, ambao huhitaji maji ya takriban nyuzi 46 kwa zaidi ya saa moja na vifaa vya kiwandani.

18. Je, ni salama kuivisha matunda kwa unga wa kabaidi?

Si salama, na tunaomba isifanyike. Kalsiamu kabaidi hutoa gesi ikikutana na unyevu, na ile inayouzwa kwa matumizi ya viwandani huweza kubeba chembe za aseniki na fosforasi ambazo humdhuru anayeivisha na anayekula. Kuvundika kwa njia ya asili kunatosha: changanya maembe au ndizi zilizokomaa na matunda machache yaliyokwisha kuiva ndani ya chombo kilichofunikwa, kwa kuwa tunda bivu hutoa gesi inayowaivisha wenzake. Chumba kiwe cha baridi kiasi. Joto likizidi nyuzi 30, ndizi hulainika kabla ya ganda kugeuka rangi na embe hukosa ladha yake, kwa hiyo katika kaskazi vundika mahali penye kivuli cha siku nzima.

19. Niliweka matunda kwenye friji, yakaharibika haraka kuliko yaliyokuwa nje. Kwa nini?

Matunda ya nchi za joto huumizwa na baridi. Ndizi na maembe ambayo hayajaiva yasishuke chini ya nyuzi 13. Mananasi na mapapai yasishuke chini ya nyuzi 7 hivi. Friji ya nyumbani huwa karibu nyuzi 4, na tunda lililoumizwa humo huwa na madoa, hushindwa kuiva na huoza likitolewa. Machungwa huvumilia nyuzi 5 hadi 8 kwa wiki kadhaa. Anayekodi chumba cha baridi kwa mzigo mchanganyiko aulize kwanza kimewekwa nyuzi ngapi.

## Hali zisizo za kila siku

20. Kisima changu karibu na mdomo wa mto Pangani kimekuwa na chumvi. Nimwagilie hivyohivyo?

Usimwagilie michungwa. Jamii ya machungwa ni miongoni mwa miti ya matunda isiyovumilia chumvi, na dalili ya kwanza ni ncha za majani kukauka. Tumia maji ya mvua yaliyovunwa kwa ajili ya miche, na masika yakifika acha mvua ioshe udongo kwa kuhakikisha maji yanapita chini badala ya kutuama. Kama kisima kimekuwa cha chumvi mwaka mzima, minazi na mikorosho itakufaa zaidi kuliko kung'ang'ania machungwa.

21. Lushoto: miplamu na mipichi haichanui kama zamani.

Miti hiyo, tofauti na mchungwa, inahitaji baridi ili iamke. Kipupwe kikiwa na joto, macho ya matawi hubaki yamelala na maua hutoka machache na kwa kutawanyika. Panda aina zinazohitaji baridi kidogo, uziweke katika mabonde ya juu yenye baridi zaidi, na jaribu kuondoa majani yote kwa mkono baada ya mavuno ili kuushurutisha mti uanze upya.

22. Je, heksanali inayosemwa kwamba huongeza maisha ya matunda ni jambo la kweli?

Ni la kweli. Heksanali ni kiungo cha asili kinachopatikana katika mimea, ndicho kinachotoa sehemu ya harufu ya nyasi zilizokatwa, na hupunguza kasi ya kimeng'enya kinachobomoa utando wa chembe hai za tunda. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilishiriki katika majaribio yake hapa nchini katika muongo wa 2010, kikishirikiana na watafiti wa nchi nyingine. Hupulizwa mtini kabla ya kuchuma au tunda huchovywa baada ya kuchumwa. Itumike pale tu inapouzwa kwa kibali na maelekezo yake, na baada ya mambo ya swali la 11 hadi la 16 kutimizwa, maana haifunikii tunda lililopopolewa.

23. Mafuriko au upepo mkali umepita shambani. Nianze na lipi?

Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kiliwakumbusha watu wa pwani kwamba swali hili si la kinadharia. Siku ya kwanza fungua mifereji, kwa sababu mizizi iliyozama kwa siku kadhaa hufa kwa kukosa hewa. Ondoa tope lililorundikana kwenye mashina. Kata matawi yaliyovunjika kwa msumeno safi, na miti michanga iliyolala isimamishwe udongo ukiwa bado laini, ikafungwe kwenye vigingi. Kama upepo umeleta maji ya bahari juu ya majani, yaoshe kwa maji yasiyo na chumvi mapema iwezekanavyo.

Matunda yaliyoanguka bila kuguswa na maji ya mafuriko yachambuliwe siku hiyohiyo na kupelekwa kwenye juisi au jamu, kwani hayatafika soko la mbali. Yaliyoguswa na maji ya mafuriko yasiuzwe kuliwa mabichi, kwa kuwa maji hayo hubeba uchafu wa vyoo. Yafukiwe kama ilivyoelezwa katika swali la 8. Mbolea isiwekwe mpaka mti utoe majani mapya, na hapo iwekwe kwa vipimo vidogo.